Nimenunua gemu kwa hela yangu, dogo wa eksteno ndo anacheza

Nimesubiri hasira zipoe kwanza ndo nikaandika, maana ningeandika usiku ule ule wa krismasi pale kwa mama Tukuyu ningetukana. Kisa chenyewe ukikisikiliza kidogo tu, ni gemu. Gemu la magari. Lakini we fikiria mtu mzima una miaka thelathini na nne umesimama chini ya mparachichi kwenye mvua, mkono umeinua simu juu unatafuta nukta mbili za mtandao, ili kompyuta yako ikuruhusu kucheza kitu ulichokwisha kukilipia na kimo humo humo ndani ya hiyo kompyuta. Mama katokea mlangoni kajifunga kitenge kichwani, ananiuliza "unampigia nani usiku huu na mvua yote hii?" Ningemjibu nini sasa. Nikasema kazi, mama, mambo ya kazi.

Ngoja nianze mwanzo.

Mi nina stationeri Mwanjelwa hapa Mbeya, fotokopi, kuprinti, picha za pasipoti, maombi ya vyuo na mikopo msimu ukifika, na kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya, kwa wanaoleta laptopu zao. Walio kwenye hii kazi wanajua, miaka ya nyuma gemu na muvi ndo zilikuwa zinalipa kodi ya fremu. Mteja analeta flashi, unamuwekea, anakuachia buku au buku mbili kulingana na ukubwa wa mzigo. Sijifanyi mtakatifu, nimeuza hivyo miaka na nimecheza hivyo miaka mingi zaidi, na kama kuna mtu wa Mbeya alicheza gemu za kompyuta miaka ile kwa leseni halali ajitokeze nimpe soda.

Nimeacha kuuza karibu miaka mitatu sasa. Sababu ni mbili, moja ni virusi vya shotkati, maana kila flashi iliyoingia dukani ilikuwa inaondoka na kitu na kuniachia kitu. Ya pili nitaisema huko mbele kwa sababu ni ya aibu kidogo.

Basi Novemba yakaja yale mapunguzo ya mwisho wa mwaka, gemu nililokuwa nalitamani tangu linatoka likashuka mpaka kama dola 15 na senti. Nikapiga hesabu, elfu arobaini na kitu. Nikatengeneza kadi ya mtandaoni kupitia simu, nikaweka hela, ikakataa mara ya kwanza, ya pili ikapita. Nakwambia nilijisikia mtu wa maana kinoma. Gemu la kwanza kununua maishani. Nikapiga na skrinshoti ya risiti nikaweka status.

Sasa ukubwa wake, GB 70. Kwa bando la kawaida hiyo ni kujinyonga, kwa hiyo nikaongea na jamaa yangu mmoja ana ofisi yenye faiba maeneo ya Forest, akaniambia kaka njoo uache mashine hapa usiku. Nikaiacha usiku wa kwanza, umeme ukakatika saa nane, asubuhi nakuta asilimia 61. Usiku wa pili ikamaliza. Jamaa nikamnunulia chipsi kuku. Ongeza hiyo kwenye bei ya gemu.

Nikarudi nyumbani nikabonyeza kucheza. Na hapa nataka niwaelezee taratibu, maana wengi mnaochezea za kukopi hamjawahi kuona hii filamu.

Likafunguka duka nililonunulia, sawa, hilo nalielewa, ndo mlango. Duka likaita lancha ya pili, yaani programu nyingine ya kufungulia gemu, ya kampuni iliyotengeneza gemu. Lancha ikasema haijainstoliwa, inajiinstoli. Ikamaliza ikajiapdeti. Ikataka akaunti. Nikasema akaunti si ninayo ya duka? Hapana, nyingine. Jina, tarehe ya kuzaliwa, imeili, paswedi yenye herufi kubwa na namba na alama. Nikathibitisha imeili. Ikaleta mkataba wa kukubali, nikashusha mpaka chini kama wote tunavyofanya, nikakubali. Ukaja mkataba wa pili, nikakubali. Ikasema sasa kuna kitu cha kulinda wasiodanganya kwenye mechi za mtandaoni, lazima kiinstoliwe na kipewe ruhusa ya juu kabisa ya mashine, hata kama mimi sina mpango wa kucheza na mtu yeyote mtandaoni. Windows ikauliza "unaruhusu?" Nikaruhusu. Mashine ikataka kuzimwa na kuwashwa. Nikazima nikawasha, na baada ya hapo kila nikiwasha ile lancha inaamka yenyewe kabla hata sijafungua kitu, inakaa pale kwenye kona ya chini inakula RAM na kunitangazia gemu zingine zinazouzwa. Mi nimenunua gemu moja jamani. Nimeletewa gemu na ndugu zake wanne, na wote wamekuja kukaa.

Kutoka kubonyeza mpaka kuona gari, dakika hamsini na kitu. Gemu lenyewe tamu, siwezi kudanganya, tamu sana. Nikacheza kama dakika arobaini, nikalala.

Krismasi ikafika, nikapanda kosta pale Uyole na begi na mashine yangu mgongoni. Nilikuwa nimemuahidi mjomba wangu, mtoto wa dada, ana miaka kumi na mitatu na anaingia fomu wani Januari, kwamba mwaka huu mjomba anakuja na gemu la ukweli, la kununua. Yeye analo tayari, la kukopi, kalipata kwa rafiki yake kwenye eksteno, ile hadidiski ya nje, analichezea kwenye desktopu ya zamani ya baba yake na amelipunguza ubora wa picha mpaka magari yanafanana na sabuni za mche. Nikamwambia subiri uone kwenye mashine ya mjomba.

Tarehe 25 jioni, tumeshakula ndizi na nyama, mvua ya Rungwe inapiga mabati mpaka mnaongea kwa kupaza sauti, umeme ulishakatika tangu saa kumi. Haina shida, mashine ina chaji full, masaa mawili hivi tunayo. Nawasha. Dogo kakaa pembeni. Duka likasema hakuna mtandao, nikaliambia lifanye kazi bila mtandao, likakubali, nikasema unaona? Lancha ya pili ikafunguka ikazunguka, ikazunguka, ikasema imeshindwa kuhakiki umiliki wangu, niunganishe mtandao.

Kuhakiki umiliki. Wa gemu ambalo nimekaa nalo mwezi mzima.

Nikawasha hotispoti. Ndani ya nyumba ya mama mtandao hamna kabisa, ndo nikatoka na simu mpaka chini ya mparachichi, simu juu, mashine nimemuachia dogo kibarazani, tunapigiana kelele "imeshika?" "haijashika mjomba!" "na sasa hivi?" Mwisho ikashika. Ikahakiki. Na baada ya kuhakiki ikasema lancha ina toleo jipya, lazima ijiapdeti kabla ya kuendelea, na gemu nalo lina apdeti ya GB 1.3. Nilikuwa na bando la buku. Likaisha asilimia 38 na hapo chaji nayo imeshashuka nusu kwa kuhangaika.

Dogo akasema kwa adabu kabisa, wala hakunicheka, "Mjomba, si niilete eksteno?"

Akaileta. Antivairasi ikapiga kelele kwenye faili moja, nikaangalia ukutani kidogo, nikaliruhusu. Gemu lilelile, mashine ileile. Halikuuliza jina, halikuuliza imeili, halikutaka kujua kama nina mtandao. Nikihesabu moja mpaka kumi na tano taratibu gari liko barabarani. Tukacheza mpaka chaji ikaisha, na kibaya zaidi naapa lilikuwa jepesi kuliko langu. Nilikaa pale na furaha na aibu kwa pamoja.

Nikasema labda ni mimi tu nina gundu, ila nilivyorudi Mbeya nikaanza kusoma nikakuta hii habari ina umri mrefu.

Watu wanakumbuka gemu la Spore, 2008. Lilitoka na ulinzi unaoitwa SecuROM, na masharti yake yalikuwa unaweza kuliamsha kwenye kompyuta 3 basi, ukizidi upige simu uombe. Wanunuzi walichachamaa wakaenda kwenye ukurasa wa gemu kule Amazon wakamwaga nyota moja moja kwa maelfu, mpaka EA, kampuni iliyolitoa, wakaongeza zikawa 5. Na pamoja na kufuli lote hilo ndo likawa gemu lililochukuliwa bure kuliko yote mwaka huo, wanaofuatilia torenti, njia ya watu kugawiana mafaili mtandaoni, walihesabu zaidi ya mara milioni 1.7. Gemu la BioShock mwaka mmoja kabla lilianza na mara 2 tu.

Sasa hebu lilete hilo sharti Mwanjelwa. Sisi huku dawa ya kila kitu ni kupiga Windows. Mashine nzito, piga Windows. Sauti haitoki, piga Windows. Umesahau paswedi, Windows. Hadidiski imekufa unaweka SSD ya mtumba, bodi imeungua fundi anabadilisha. Mi kuna wateja nimewapigia Windows mara nne mwaka mmoja na wala hawaoni ajabu. Kwa yule mlinzi wa gemu kila mara kama hizo anakuona mtu mpya, eti mwizi mpya kahamisha gemu kwenye kompyuta nyingine. Aliyeandika sharti la kompyuta tatu alikuwa anamfikiria mtu mwenye mashine mpya dukani ya miaka mitano, hakumfikiria mwenye laptopu ambayo kifuniko ni cha mashine moja na kibodi ni ya nyingine.

Na wala sio wa huku tu wanaopata tabu. 2021 Intel walitoa prosesa zao za kizazi cha 12 zenye viini vya aina mbili, vikubwa na vidogo, ikatokea baadhi ya ulinzi wa gemu unaviona vile vidogo kama kompyuta nyingine kabisa, gemu zikagoma. Yaani mtu kanunua prosesa mpya ya bei mbaya halafu gemu lake linamwambia hizi ni mashine mbili. Dawa ya muda waliyotoa ni uingie kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, uweke mpangilio fulani halafu ubonyeze kitufe cha Scroll Lock kuvilaza vile viini vidogo wakati wa kucheza. Scroll Lock! Mi nauza kibodi na sijawahi kumwona mtu anaibonyeza kwa makusudi.

Mambo ya kuingiza vitu chini kabisa kwenye mfumo nayo yana historia mbaya. 2005 Sony BMG, hawa ni wa muziki sio gemu, waliweka kwenye CD zao programu inayojificha ndani ya Windows ili usikopi nyimbo. Mtaalamu mmoja, Mark Russinovich, akaikuta kwenye mashine yake akaanika, na haikupita muda watengeneza virusi wakaanza kutumia maficho yale yale, maana faili lolote ambalo jina lake linaanza na herufi fulani lilikuwa halionekani. CD zikarudishwa. Kwenye gemu kulikuwa na ulinzi wa StarForce wa Urusi, ulikuwa unaweka draiva zake, yaani programu zenye ruhusa ya juu, ndani ndani huko, na watu walilalamika kwamba ukifuta gemu yenyewe inabaki, mpaka kampuni ya gemu ya Ubisoft 2006 wakaachana nayo. Ungesema basi, fundisho limeshaeleweka. 2016 apdeti ya Street Fighter V ikaja na draiva ya kuzuia udanganyifu yenye tundu kubwa kiasi kwamba programu yoyote ingeweza kupita humo ikatawala mashine, Capcom wenye gemu wakairudisha nyuma haraka. 2022 ikawa zamu ya draiva ya gemu la Genshin Impact, wahalifu wakawa wanaibeba wao wenyewe kwenda nayo kwenye kompyuta za watu ili wazime antivairasi, hata kama hiyo kompyuta haijawahi kuona Genshin.

Kwa hiyo nikiulizwa "unaruhusu?" na mimi nabonyeza ndiyo kwa sababu nataka kuendesha gari, nikiwaza kwamba mashine hiyo hiyo ndo ina picha za pasipoti na vyeti vya kuzaliwa vya watu nusu ya Mwanjelwa, ndo nashtuka.

Halafu kuna vile vidude vya kubandikwa, lancha na akaunti juu ya akaunti. Mfano mzuri ni Grand Theft Auto IV ya kompyuta, ilitoka Desemba 2008 na mizigo mitatu kwa mpigo: SecuROM, mfumo wa akaunti wa Games for Windows Live wa Microsoft, na mwingine wa Social Club wa Rockstar wenyewe waliolitengeneza. Ile ya Microsoft ikaja kutelekezwa. Januari 2020 gemu likatoweka kwenye duka la Steam, na maelezo yakawa kwamba funguo mpya za ule mfumo haziwezi kutengenezwa tena. Gemu halina kosa, linafanya kazi, watu wanalitaka na hela wanazo mkononi, ila haliwezi kuuzwa kwa sababu ya kidude ambacho hakuna mchezaji aliyekiomba. Likarudi Machi likiwa limevuliwa kile kidude, na sehemu ya kucheza na wenzako ikaondoka nayo.

Mi nina diski mbili orijino nilizopewa na anko wangu aliyefanya kazi Afrika Kusini, gemu za mwanzo mwanzo wa miaka ya 2000, maboksi yake na vitabu vyake ndani vizuri kabisa, nimezitunza kama cheti cha ndoa. Mwaka jana nikaazima kwa mtu DVD draivu ya nje nikasema nikumbuke ujana. Kimya. Haisemi kosa, haifunguki tu. Kumbe Windows 10 ilivyotoka 2015 Microsoft waliamua kutoziruhusu tena draiva za ulinzi wa diski wa zamani kama SafeDisc kwa sababu zilishakuwa tundu la usalama, na wakaja wakazima hata kwenye Windows za nyuma kwa apdeti. Siwalaumu kwa hilo. Ila matokeo yake ni kwamba mimi mwenye diski halisi na boksi lake ndo siwezi kucheza, na mwenye nakala iliyokwisha kuvunjwa kufuli anacheza mpaka leo.

Si mnaijua foleni ya malori pale mpakani Tunduma. Dereva ana karatasi zote, mzigo umelipiwa ushuru, analala kwenye foleni siku kadhaa anapikia chini ya tela. Mwenye gunia lake la magendo kapita njia ya panya na bodaboda, saa moja jioni yuko kwake anakula ugali. Hivi ndo nilivyojisikia chini ya ule mparachichi.

Sasa ile sababu ya pili niliyosema ya aibu.

Miaka minne iliyopita nilitengeneza kaprogramu ka shule, mwalimu anaingiza maksi kenyewe kanajumlisha, kanapanga nafasi na kutoa ripoti za wazazi tayari kwa kuprinti. Nilikaandika usiku miezi mitano baada ya kufunga duka. Nikakauza shule tatu. Shule ya nne naenda kuongea na mwalimu mkuu, ananiambia tunayo tayari, tumenunua stationeri fulani elfu tano. Kunionyesha, ni yangu. Na jina langu chini liko pale pale, hawajasumbuka hata kulifuta.

Iliniuma vibaya. Nikaelewa siku ile wanaotengeneza hizi gemu wanavyojisikia, na ndo nikaacha kuuza vitu vya watu, hata aibu ilinishika kumlalamikia yule jamaa maana na mimi rafu yangu ilikuwa imejaa za wengine. Nikaamua nikapigie kufuli. Nikakafunga na namba ya hadidiski, mashine ikibadilika programu haifunguki mpaka nikupe namba mpya. Nilijiona fundi kweli kweli.

Ikafanya kazi vizuri mpaka siku moja Juni, saa nne usiku, mwalimu wa taaluma wa shule moja huko Mbalizi ananipigia. Mama wa watu sauti imeisha. "Mwanangu, inaniambia sina ruhusa. Kesho tunafunga shule, wazazi wanakuja saa tatu." Kumbe kompyuta yao ilizingua, fundi kawawekea hadidiski nyingine, maksi wamezihamisha vizuri zote ila kufuli langu linamwona yeye mwizi. Yeye, ambaye alilipa. Nikajaribu kumtajia namba kwa simu, herufi ishirini na tano, mtandao unakatika, yeye anasema "B ya baba au D ya dada?" Tulimaliza saa sita na robo, akaanza kuprinti usiku huo huo. Yule wa elfu tano? Alikuwa na toleo la zamani lisilo na kufuli, hakuna aliyempigia simu usiku.

Wiki ile ile nikalitoa. Sasa nauza kwa namna nyingine, analipa anapata apdeti kila mtaala au upangaji wa madaraja ukibadilika na anapata namba yangu ya simu akikwama, na asiyelipa akikwama anakuja mwenyewe, wengine wakaishia kulipa. Sio wote. Bado naibiwa na bado inauma, ila silali nikimtajia mama wa watu B ya baba.

Kwa hiyo mi sio wa kusema kampuni ziache gemu zao barabarani. Najua wanasema wiki za mwanzo ndo zenye hela na kufuli kama Denuvo, lilianza na FIFA 15 mwaka 2014, linanunua hizo wiki. Haya, sawa. Mbona baada ya miaka mitano bado lipo, wakati walioiba wameshaiba wamecheza wamefuta? Na 2021 Resident Evil Village ya kompyuta ilikuwa inakwamakwama ukipiga mazombi, wavunja kufuli wakatoa toleo lao likawa laini, waliopima wakathibitisha, na Capcom wakaja na apdeti wakisema wamerekebisha namna ulinzi unavyofanya kazi. Yaani aliyelipa bei kamili alikuwa anacheza gemu bovu kuliko aliyeliokota.

La kutisha zaidi kwangu ni haya yanayotegemea seva hata ukicheza peke yako. SimCity ya Machi 2013, seva zikazidiwa siku ya kwanza watu wakakaa kwenye foleni kujenga mji wao wa peke yao, wakaambiwa bila mtandao haiwezekani, na mwaka uliofuata ikawezekana kwa apdeti. The Crew, nalo gemu la magari, liliuzwa tangu 2014, tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft wakazima seva na gemu zima likafa, hata kuendesha mwenyewe barabarani huwezi. Ndo Ross Scott wa YouTube akaanzisha ule mwito wa kutaka gemu zisiuawe, na Ulaya saini zikapita milioni moja mwaka 2025. California wao wana sheria kuanzia 2025, duka likikuuzia kitu cha aina hii likuambie wazi kwamba unapata leseni. Angalau unajua umepangishwa.

Sasa hivi kabla sijanunua naangalia kwanza ukurasa wa gemu pale pembeni kwenye maandishi madogo, kama linataka akaunti ya mtu wa tatu au limewekewa ulinzi fulani, duka huwa linaandika ila hakuna anayesoma. Na nimeanza kuangalia GOG, duka la Wapoland, lipo tangu 2008, wao unashusha faili la kuinstoli, unaliweka kwenye eksteno yako, unaenda nalo hata kijijini ambako hamna mtandao, linafunguka. Nimenunua moja la zamani dola 5. Nimeliinstoli mara mbili kwenye mashine mbili, halijaniuliza chochote, mpaka nikawa na wasiwasi.

Lile la magari nilijaribu kurudisha. Duka linakubali kama hazijapita siku 14 na hujacheza zaidi ya saa 2. Siku zilishapita, na kwenye rekodi yao nimecheza saa 4 na dakika 10, kwa sababu muda wote ambao lancha inazunguka inajiapdeti na kutafuta mtandao unahesabiwa ni kucheza. Kwa hiyo hata pale chini ya mparachichi nilikuwa nacheza.

Jana usiku dogo kanitumia meseji kwa simu ya mama yake: "Mjomba shikamoo. Nimemaliza ngazi ya 12 nimepata lile gari jekundu. We umefika wapi?"

Nikaangalia mashine. Nikamjibu marahaba mjomba, hongera, mi iko asilimia 74.